Jinsi Mwanzi Ulivyopata Vifundo na Tumbo Tupu

Haki ya Mungu! Radi inipasue kichwa hapa hapa nilipokaa, mbele yenu wote, kama nitasema neno hata moja la uongo! Nawajua ninyi. Wewe Mligo umeshaanza kucheka na mimi bado sijafungua mdomo. Cheka tu. Uzio wa Mzee Nyagawa tumeumaliza, mapanga yamelala chini, na mbeta, kile chombo cha mwanzi chenye ulanzi, pombe yetu, iko njiani inakuja. Kabla haijafika niwaambie kwa nini mwanzi huu tuliokata tangu asubuhi una vifundo kama vidole vya bibi kizee, na kwa nini ndani hauna kitu.

Mimi Augustino Ngimbudzi sikukanyaga darasa hata siku moja, hilo halina siri. Lakini barabara ile ya lami mnayopita niliichimba mimi. Nusu nzima niliichimba peke yangu, nusu nyingine waligawana wale mia tatu waliobaki. Na kambini palikuwa na mpishi Mchina, Mzee Hong, mtu wa miaka themanini na kitu, meno mawili, Kiswahili maneno arobaini. Alinipenda kuliko wahandisi wote. Hadithi hii alinisimulia kwa maneno yake arobaini na kwa mikono, na mimi nilielewa yote, hata yale ambayo yeye mwenyewe hakuyaelewa vizuri.

Basi. Zamani kwao huko, zamani ya kweli, siyo hii ya babu zetu, mwanzi haukuwa hivi. Ulikuwa mti mzima uliojaa ndani kama mchi wa kutwangia. Fundo hakuna, laini toka chini mpaka juu. Na ulikuwa unakua! Unauacha umefika kwenye goti, unaenda kuchota maji, ukirudi umepita paa la nyumba. Jumatatu mche, Alhamisi umegusa mawingu. Kwa hiyo ulikuwa na majivuno. Zamani hizo miti ilikuwa inaongea, na Mwanzi aliongea kuliko wote. Alikuwa akiwaambia wenzake, "Ninyi mnajifunza kukua. Mimi nilizaliwa ninajua."

Lakini kila mwaka upepo wa masika ulipokuja, mianzi yote ilikatika chini, pwaa, kama imefyekwa. Ilikuwa imejaa mno, mizito mno, haiwezi kuinama. Na mwaka uliofuata miche mipya ilichipua na majivuno yale yale. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza ule wa mwaka jana ulikatikia nini.

Sasa katika kijiji kimoja chini ya mlima, kando ya mto mpana kama kutoka hapa mpaka Makambako, paliishi mwalimu anaitwa Bai. Alikuwa anajua kila kitu. Alama zote za kuandika, na za kwao ni nyingi kuliko mahindi kwenye ghala, alizijua kwa moyo. Alifundisha miaka arobaini. Mfalme mwenyewe alikuwa akipotelewa na neno anamtuma mtu kwa farasi aende kumuuliza Mwalimu Bai. Lakini alikuwa na sheria moja: mwanafunzi asiulize. Mwanafunzi asikilize na arudie. Anayeuliza anatolewa nje, asimame kwenye mvua mpaka somo liishe. "Mwenye kuuliza anampotezea muda mwenye kujua," ndivyo alivyokuwa akisema.

Mtu aliyesimama kwenye mvua ile mara nyingi kuliko wote ni mtoto wake mwenyewe, Lun. Huyo alizaliwa na maswali kama mwingine anavyozaliwa na mapafu. Alipokuwa mtu mzima alichukuliwa na watu wa mfalme akajenge ukuta, mbali huko kaskazini, mwendo wa miezi minne. Asubuhi ya kuondoka alimwona baba yake akisugua macho, akauliza kwa nini, hakujibiwa. Miaka kumi hakuonekana.

Alikuwa akituma barua mara moja kwa mwaka. Na barua za siku zile zilichongwa kwenye magogo yaliyopasuliwa, ubao mmoja unene wa mkono wangu huu. Barua ya kusema hamjambo ilikuwa mzigo wa punda. Barua yenye habari ndefu, punda watatu, na mmoja anafia njiani. Ikifika, Mwalimu Bai alikuwa anakaa mlangoni, anauweka ubao magotini, anamsomea mke wake. Mke aliitwa Suyin, mama wa miaka sabini, mdogo wa umbo, hajui kusoma hata alama moja. Siyo kweli, moja aliijua. Lun alikuwa akichonga jina lake mwishoni, chini kabisa, na mama alikuwa akilipapasa jina lile kwa kidole mpaka ubao ukang'aa pale.

Mwaka wa nane, macho ya Mwalimu Bai yakaingia ukungu. Mtoto wa jicho. Kwanza alama ndogo zikapotea, halafu kubwa, halafu uso wa mke wake. Hakumwambia mtu. Atasema nini? Mtu anayejua kila kitu hawezi kusema siioni njia ya chooni. Darasani hakuna aliyegundua, maana alifundisha kwa kichwa na hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kuuliza. Na barua ilipokuja, alikaa mlangoni kama kawaida, akauweka ubao magotini, akatunga. "Mama na Baba, mimi mzima, nakula vizuri, baridi ya mwaka huu si kali." Mwaka wa tisa akatunga tena. Mwaka wa kumi punda alileta ubao wa tatu tangu macho yaingie ukungu, na mzee akaanza, "Mama na Baba, mimi mzima, nakula vizuri..."

Suyin alikuwa amekaa pembeni anachambua maharage. Akainua macho kumtazama mume wake. Akaona jina la Lun, ile alama moja anayoijua, liko juu. Mzee ameshika barua kichwa chini miguu juu.

Mimi ningepiga kelele, majirani wakaja. Yule mama alimaliza maharage yake. Akapika, wakala. Kesho yake, wakiota jua ukutani, akasema, "Baba Lun, nifundishe kusoma."

"Wewe? Una miaka sabini, Mama Lun."

"Ndiyo maana nina haraka."

"Mtu anajifunza akiwa mbichi. Wewe umeshakauka."

"Kuni kavu ndizo zinazoshika moto upesi, mzee wangu. Hebu nipe mkono."

Akaushika mkono wa mume wake, akakifungua kiganja. Akautazama ubao, alama ya kwanza, akaichora kwa kidole kwenye kiganja kile, pole pole, mstari mmoja mmoja. "Hii inasomwaje?"

Mwalimu Bai akaelewa kwamba mke wake anajua, na anajua tangu jana, na kwenye chakula cha jana hakumwaibisha. Machozi yakamtoka kwenye yale macho yasiyoona. Kisha akasema, "Hiyo ni 'mama'."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Mke macho, mume kumbukumbu. Alama moja kwa siku, siku nyingine mbili. Suyin aliyekuwa hajui kuandika alikuwa na kamba yake ya katani, na kila alama akishaikamata, anafunga fundo. Halafu anakaa kwenye fundo lile, anauliza.

Na huyo mama kwa maswali! Lun alirithi kwake. "Kwa nini alama ya nyumba ina nguruwe ndani?" "Kwa nini hii ina miguu miwili na ile mmoja?" Siku ya kwanza Mwalimu Bai alitaka kumtoa nje kwenye mvua, ila hakukuwa na mvua, na nje ndiko walikokaa. Akafikiri. Akafikiri tena. Miaka arobaini alikuwa akiifundisha alama ile na hakuwahi kujiuliza. Mwisho akasema neno ambalo halijawahi kutoka kinywani mwake tangu azaliwe.

"Sijui."

Mzee Hong alipofika hapo alishusha pumzi, akashusha na mabega, kama mtu aliyetua gunia. Alisema mzee yule usiku wake alilala usingizi wa mtoto. Kesho yake yeye ndiye aliyewahi ukutani, anaita, "Mama Lun, njoo. Nimewaza ile ya nguruwe. Njoo unichoree tena."

Pembeni ya mlango walipokaa palikuwa na Mwanzi, mrefu, umejaa, unatazama. Ulicheka mpaka majani yakapukutika. "Bibi kizee na kipofu, wanachezeana viganja! Mimi nilizaliwa ninajua!" Suyin aliujibu mara moja tu: "Cheka, mwanangu. Upepo nao unakuja kukucheka."

Na ukaja. Masika ya mwaka ule mianzi yote ya bonde ilikatika mchana mmoja. Ulibaki mche mmoja tu, wa jana, kando ya mlango, ambao ulikuwa haujapata hata muda wa kujivuna. Ukawa unatetemeka. Ukamuuliza Suyin, "Bibi, upepo huu huu umekupiga miaka sabini. Mbona wewe hukatiki?"

Suyin alikuwa na alama thelathini na sita tu kwenye kamba yake, lakini hakusema mimi siyo mwalimu. Akachuchumaa, akauonyesha mche ile kamba. "Tazama. Wewe unakimbilia juu bila kusimama. Mimi nikipata kitu kimoja nasimama, nafunga fundo, nauliza nisichokijua, ndipo naendelea. Nawe panda kidogo, simama, funga fundo. Panda tena, simama."

"Na ndani je?"

"Ndani acha nafasi. Chungu kilichojaa utakitilia nini?"

Mche ukauliza, "Kwa nini kilichojaa ndicho kinachokatika?" Na Suyin akagundua kwamba hilo halijui vizuri. Alidhani analijua mpaka alipoulizwa. Akanyanyuka, magoti yakilia, akaenda kumuuliza mume wake. Mume naye hakujua. Wakakaa wote wawili wakalitafuta siku nzima, na siku ile, Mzee Hong alisema, wote wawili walijifunza kwa sababu ya mche mmoja. Mke alirudi kwa mche na jibu, kwamba kilichojaa hakina nafasi ya kuinama, akakuta mche una fundo la kwanza.

Basi Mwanzi ukakua. Unapanda, unasimama, unafunga, unapanda. Na kila pingili ndani yake ikabaki wazi. Mpaka mtama unakomaa, ukawa umeshazaa kichaka kizima nyuma ya nyumba, na upepo ukija kinainama chote mpaka chini, halafu kinanyanyuka.

Na barua? Hapo sasa. Siku tatu kabla ya mavuno Suyin alifunga fundo la mwisho, na wakaisoma barua nzima mwanzo mpaka mwisho kwa mara ya kwanza. Ilisema hivi: "Mama na Baba. Barua mbili nimewauliza jambo, hamkunijibu. Labda mmekufa. Ukuta tumemaliza, tunapelekwa kusini kwa mashua. Nitapita hapo kwenye mto wetu asubuhi ya kwanza ya mavuno ya mtama. Mashua haisimami bure. Mkiwa hai, washeni moto ukingoni, nitashuka. Nisipoona moto nitajua nimebaki peke yangu, nitaenda kusini na sitarudi tena."

Mwalimu Bai alishika kichwa. Mtoto aliuliza mara mbili. Na yeye alikaa mlangoni, akatunga habari za chakula.

Siku tatu wakabeba kuni, kipofu na bibi kizee, mmoja kamshika mwenzake mkono. Majirani walisaidia. Wakapanga kuni ukingoni rundo kubwa kuliko kanisa letu la Igominyi, na mnara wake. Asubuhi ya mavuno ikafika, na pamoja nayo ukafika ukungu. Ukungu ule mnaujua ninyi wa Njombe, ule unaonyoosha mkono huuoni. Basi ule wa kwao hata mkono ulikuwa huuhisi. Wakawasha moto. Moto ukawaka mzuri, mkubwa, na hatua kumi mbele hauonekani.

Halafu wakasikia makasia. Chwa, chwa, katikati ya mto. Suyin akapiga kelele, "Luuun! Luuun!" Sauti ya miaka sabini, na mto mpana vile, ikazama pale pale.

"Inapita?" mzee akauliza.

"Inapita, Baba Lun."

"Tufanye nini?"

"Sijui."

Ndipo Mwanzi ukasema kutoka nyuma ya nyumba, "Bibi, nikateni. Nitieni motoni."

"Utaungua, mwanangu. Na kelele huna, kuni haisemi."

"Mizizi yangu inabaki mlangoni kwako. Uliniambia niache nafasi. Tuone nafasi hiyo ina kazi gani."

Suyin alilia akikata, lakini alikata. Akautupa mwanzi mbichi kwenye moto. Ukatulia kidogo. Ule wa zamani, uliojaa, ungeungua kimya kimya ukawa jivu. Huu ulikuwa na hewa ndani ya kila pingili, imefungwa na fundo huku na fundo huku, na hewa ile ilipopata moto...

PAAA!

Mlima ukarudisha. Bata wote wa mtoni wakaruka. PAAA! Pingili ya pili. PAAA! Ya tatu. Fundo moja, mlio mmoja, thelathini na sita, na baadaye wenzake wa kichakani. Duniani hapakuwahi kusikika mlio kama ule, hata bunduki zilikuwa bado hazijazaliwa. Kule kwenye mashua wapiga kasia wakajitupa chini, wanadhani mbingu inapasuka. Ila mmoja alibaki wima, mtu wa miaka arobaini, ndevu zimeingia mvi. Akauliza, "Ni nini kile?" Tangu utotoni hakuweza kusikia kitu asikiulize. "Geuzeni mashua. Hapo ni kwetu, nataka kujua ni nini kile."

Mashua ikatoka kwenye ukungu. Lun akashuka, maji ya magoti. Mama yake alimshika mkono, akakifungua kiganja, akachora kwa kidole jina lake, mstari mmoja mmoja, alama ile aliyoipapasa miaka kumi. Lun akakitazama kiganja chake, akamtazama mama. "Mama! Nani kakufundisha?"

"Baba yako. Na mimi namfundisha yeye."

Mwalimu Bai alikuwa amesimama nyuma, mikono mbele, anaitafuta sauti. Akasema, "Mwanangu, nilikusimamisha kwenye mvua mara nyingi. Barua zako mbili sikuzisoma. Uliniuliza nini? Niulize tena, nitakujibu."

Lun akaja akamshika yale mabega, akayatazama yale macho meupe. Akalia na kucheka pamoja.

"Nilikuuliza, Baba, macho yako yanaendeleaje."

Sikilizeni, huyu hapa anakuja na ulanzi, msiumwage.

Na tangu siku hiyo mwanzi haujajaa tena. Mpaka leo unapanda kidogo, unasimama, unafunga fundo, unapanda, na upepo ukija unainama, haukatiki. Ukiutia motoni mbichi unalia paa, paa, na kwao huko watu waliuchoma hivyo siku za furaha ili walio mbali wajue nyumbani kuna watu. Punda nao walipumzika, maana mwanzi ulipokuwa mtupu ukawa unapasuka vipande vyepesi, na watu wakaandika humo, barua nzima unaibeba kwapani. Na mzee wa kule akiwa na miaka themanini bado anajifunza kitu, na mtoto akimuuliza asichokijua, anasema sijui, njoo tukitafute. Hata hii mbeta unayonipa, Mligo, ijaze, usinipunje. Ungeutia wapi ulanzi kama mwanzi ungekuwa bado unajua kila kitu?

Ila naomba jambo moja, na naomba kwa heshima. Hadithi hii isitoke kwenye uzio huu. Msiirudie sokoni, msiirudie kanisani, na wewe Mligo usiirudie hata kwa ng'ombe wako. Tarafa nzima inajua kwamba Augustino Ngimbudzi hakuna asichokijua. Mkiisimulia, kuna mtu ataelewa kwa nini kila alasiri mke wangu ananikalisha nyuma ya jiko, ananishika mkono, anakifungua kiganja, na kuchora kwa kidole. Jana ilikuwa herufi ya tisa.

Ni I. Ina fimbo tu. Nilimuuliza kwa nini, akasema hajui.